Walaji wa Gesi wa Ghuba ya Kabuno

Mji wa Sake, kilomita zipatazo 25 magharibi ya Goma, ndio mlango wa Masisi. Viazi, maharagwe, maziwa na makala hushuka hapo kutoka milimani, na chumvi, sabuni, esanse na mazutu hupanda kwenda juu. Anayesimama Sake na kutazama kusini huona maji yaliyotulia kati ya vilima: hiyo ni Ghuba ya Kabuno, pembe ya Ziwa Kivu yenye ukubwa wa kilomita za mraba 48 hivi, iliyotengwa na ziwa kuu kwa kizingiti cha mawe ya volkano kilicholala mita kumi tu chini ya uso wa maji.

Wavuvi wa ghuba hiyo wanajua kwamba samaki hawapatikani kwenye kina kirefu. Sababu yake ni kwamba oksijeni huisha karibu na mita kumi na moja chini ya uso. Kutoka hapo hadi sakafuni, kwenye mita 110 hivi, maji yamebeba gesi, chuma na chumvi zinazotoka chini ya ardhi. Lakini hayo si maji mafu. Yamejaa vijidudu visivyoonekana kwa macho: vingine hutengeneza methani, vingine huila. Hao walaji ni ndugu wa karibu, kwa kazi, wa bakteria wanaovunja mafuta ghafi penye udongo na maji yaliyochafuliwa. Wote wanaishi kwa kula haidrokaboni, yaani kaboni iliyoshikana na haidrojeni, kitu ambacho viumbe wengi hawakigusi.

Kwa karibu miaka tisini ziwa hili limepimwa, likahesabiwa na kugombewa kwa sababu ya gesi yake. Hao wanaoizuia gesi isifike juu wameandikwa kidogo sana, na pengo hilo limeacha alama katika mipango ya leo.

Wenyeji wa Sake walijua habari za gesi kabla ya mtaalamu yeyote kufika na chupa zake. Katika mabonde na nyufa za lava kati ya Sake na Goma, kaboni dioksidi hutoka ardhini na, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, hutuama chini, hasa usiku na alfajiri upepo unapolala. Watu huiita mazuku. Mbuzi anayeingia katika shimo la mazuku hatoki, na mtoto anayemfuata huenda asitoke pia. Elimu hiyo ilipitishwa kwa kuonyana: usilale bondeni, usichimbe choo mahali fulani, mnyama akianguka usimkimbilie. Vita vilipowasukuma maelfu ya watu kujenga vibanda vya turubai kwenye lava hiyo, wageni wasiojua mahali pa hatari ndio waliokuwa hatarini zaidi.

Gesi hiyo ina chanzo kimoja na milima ya moto. Mwishoni mwa 1912 ardhi ilipasuka karibu na ziwa, kati ya Goma na Sake, pakazaliwa kilima cha Rumoka. Mwaka 1938 Nyamulagira ulifunguka ubavuni, na mlipuko uliodumu hadi 1940 ulimwaga lava iliyoteremka mpaka ziwani hapo Sake na kuifunika barabara. Kwa hiyo ufuko wa Kabuno, sehemu kubwa, ni ardhi changa kuliko wazee wengine waliouona ukitengenezwa.

Miaka michache kabla ya lava hiyo, Hubert Damas, mtaalamu wa wanyama kutoka Chuo Kikuu cha Liège, alitumwa na taasisi iliyosimamia mbuga za Kongo ya Wabelgiji. Safari yake ya 1935 na 1936 ilizaa kitabu kilichotolewa mwaka 1937 juu ya maziwa matatu: Kivu, Edouard na Ndalaga. Jina la tatu halitajwi sana siku hizi, lakini ni la Masisi kabisa. Ndalaga ni mojawapo ya maziwa ya Mokoto, yaliyozaliwa lava ilipoziba mabonde katika nchi ya Bashali. Watawa wa Kitrapisti kutoka Scourmont, Ubelgiji, walikuja kujenga monasteri yao karibu na maziwa hayo mwaka 1954.

Damas alikuta jambo lililokwenda kinyume na maziwa aliyoyazoea Ulaya. Katika Kivu, joto la maji hupungua kadiri unavyoshuka, kama inavyotegemewa, lakini baada ya mita sabini hivi huanza kupanda tena. Maji ya chini ni ya moto zaidi, na bado hayapandi juu. Yamejaa chumvi na kaboni dioksidi, hivyo ni mazito, na uzito huo huyashika mahali pake. Huko chini Damas hakukuta oksijeni.

Mwaka ule ule kitabu chake kilipotoka, utawala wa kikoloni ulianza mpango wa kuhamisha familia kutoka Rwanda kwenda Gishari, katika nyanda za juu za Masisi. Misitu ilikatwa, malisho yakafunguliwa, mashamba ya walowezi yakapanuka chini ya Comité National du Kivu, shirika lililoundwa 1928 kugawa ardhi ya jimbo. Ardhi ilipimwa kwa wingi wa mazao yake, na ziwa nalo likaanza kupimwa kwa macho hayohayo.

Mwaka 1952 hadi 1954 msafara mwingine wa Wabelgiji ulizunguka maziwa ya Kivu, Edouard na Albert. Schmitz na Kufferath walipochapisha mwaka 1955 makala yao kuhusu gesi iliyoyeyuka katika kina cha Kivu, ziwa lilikwisha kugeuka kuwa hazina. Hesabu zilizofuata, zilizorekebishwa mara kadhaa, zimetua karibu na kilomita za ujazo 300 za kaboni dioksidi na 60 za methani, zikipimwa kama zingekuwa hewani. Sehemu kubwa ya methani imelala chini ya mita 260, ambapo tabaka moja kali la maji hutenganisha juu na chini. Kina cha juu kabisa cha ziwa ni mita 485.

Methani hiyo inatoka wapi? Wengi wangejibu haraka: volkano. Jibu hilo ni nusu tu ya ukweli. Mwaka 1776 Alessandro Volta alikwisha kukoroga matope ya Ziwa Maggiore, Italia, akakusanya mapovu na kuyawasha moto, akaonyesha kwamba matope yenye mimea iliyooza hutoa gesi inayowaka. Katika Kivu swali lilikuwa gumu zaidi, kwa kuwa moto wa ardhini na matope ya sakafuni vipo mahali pamoja.

Watafiti wa Woods Hole, kituo cha Marekani cha sayansi ya bahari, walifika Kivu mwaka 1971 na 1972. Mwaka 1973 Werner Deuser na wenzake walichapisha vipimo vya aina za kaboni zilizomo katika gesi hiyo. Walieleza kwamba volkano huleta kaboni dioksidi, na vijidudu huichukua, huiunganisha na haidrojeni, vikatoa methani. Mjerumani Klaus Tietze, aliyefanya kazi ziwani katikati ya muongo huo, na wengine waliomfuata, waliongeza njia ya pili: masalia ya viumbe yanayozama huoza na kuwa asetati, na vijidudu vikaivunja kuwa methani. Kwa makadirio yaliyozoeleka, theluthi mbili hutoka njia ya kwanza na theluthi moja ya pili. Mlima unatoa malighafi, vijidudu vinafanya kazi ya kiwanda.

Vijidudu hivyo vilikuja kubadilisha hata mti wa ukoo wa viumbe. Mwaka 1977 Carl Woese na George Fox, wakilinganisha chembechembe za urithi, waligundua kwamba watengenezaji wa methani si bakteria. Ni kundi la peke yake, ambalo leo huitwa arkea.

Sasa wale walaji.

Mwaka 1906, huko Delft, Uholanzi, Nicolaas Söhngen alitangaza kwamba amempata bakteria anayeishi kwa methani. Kabla yake gesi hiyo ilionekana kuwa kitu ambacho kiumbe hawezi kukitumia. Söhngen hakuishia hapo. Miaka michache baadaye aliandika pia juu ya vijidudu vinavyotumia petroli na parafini kama chakula. Tangu mwanzo, basi, elimu ya walaji wa gesi na elimu ya walaji wa mafuta zilikaa katika maabara moja.

Kivu ilipata zamu yake mwaka 1975. Holger Jannasch, pia wa Woods Hole, alichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba katika ukanda mwembamba ambapo oksijeni inayoshuka hukutana na methani inayopanda, bakteria walaji wapo kazini. Hawako juu sana, kwa kuwa huko hakuna chakula, wala chini sana, kwa kuwa huko hakuna hewa. Wanakaa mpakani. Katika ziwa kuu mpaka huo husogea kwa majira: wakati wa kiangazi, pepo kavu zinapokoroga maji, oksijeni hufika mita sitini na zaidi, mvua zinaporudi, hupanda tena.

Namna wanavyokula inaeleweka vizuri. Molekuli ya methani ni ngumu kuvunja, kwa hiyo bakteria hutumia kimeng'enya chenye shaba, ambacho huchukua oksijeni na kuipachika katika methani, ikawa methanoli. Hatua hiyo ya kwanza ndiyo ngumu kuliko zote. Zinazofuata hugeuza methanoli kuwa fomaldehaidi, na sehemu moja hujenga mwili wa bakteria, sehemu nyingine huishia kuwa kaboni dioksidi. Bakteria wa mafuta ghafi huanza vivyo hivyo: hupachika oksijeni katika mnyororo wa kaboni. Minyororo mifupi na iliyonyooka huliwa kwanza, ile ya pete huchukua muda mrefu, na lami nzito hubaki miaka mingi.

Kazi ya walaji hao ni kubwa kuliko umbo lao. Alberto Borges na wenzake wa Liège, waliochapisha vipimo vyao mwaka 2011, walikuta kwamba methani inayotoka katika uso wa Kivu kwenda hewani ni kidogo mno ukilinganisha na akiba iliyo chini. Inayopanda polepole huliwa njiani. Vipimo vya baadaye vilionyesha pia kwamba sehemu ya ulaji huo hufanyika pasipo oksijeni, vijidudu vikitumia vitu vingine vilivyoyeyuka majini, salfati mojawapo.

Tusiwape sifa wasizostahili. Walaji hawa hula kinachovuja, hawawezi kula mlipuko. Usiku wa tarehe 21 Agosti 1986, Ziwa Nyos la Kameruni lilitapika kaboni dioksidi kwa ghafla na watu zaidi ya 1,700 wakafa usingizini. Bakteria hawazuii janga la namna hiyo, na gesi iliyoua Nyos hawaili kabisa. Tangu mwaka huo, kila anayetaja Kivu hutaja Nyos, kwa sababu Kivu ni kubwa mara nyingi na kingo zake zimejaa watu.

Hofu hiyo imejaribiwa mara mbili mbele ya macho ya wakaaji. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya Goma ikaingia ziwani na kushuka hadi karibu mita mia moja. Matabaka ya chini hayakutikisika. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulilipuka tena. Siku tano baadaye gavana wa kijeshi, Luteni Jenerali Constant Ndima, aliamuru mitaa kumi ya Goma ihamwe kwa hofu kwamba magma imefika chini ya ziwa. Malaki ya watu waliondoka, na wengi wao walielekea Sake, yaani ukingoni mwa ghuba ambayo gesi yake iko karibu na uso kuliko sehemu nyingine yoyote ya ziwa.

Hesabu za hatari nazo zimepanda na kushuka. Mwaka 2005 timu ya Martin Schmid ilitoa vipimo vilivyoashiria kwamba methani imeongezeka kwa asilimia kama 15 tangu miaka ya 1970. Mwaka 2020, baada ya vyombo vya makundi mbalimbali kulinganishwa katika ziwa lenyewe, Fabian Bärenbold na wenzake waliandika kwamba hakuna ongezeko la kuhesabika. Mkazi wa Sake aliyesikia habari ya kwanza kwenye redio huenda hakuwahi kusikia ya pili.

Kabuno ina kisa chake chenyewe. Mwaka 2015 Marc Llirós na wenzake waliandika kwamba chini ya mpaka wa oksijeni wa ghuba hiyo wanaishi kwa wingi bakteria wa kijani wa jamii ya Chlorobium, wanaotumia mwanga hafifu wa jua na chuma kilichoyeyuka kujitengenezea chakula. Kwa wanasayansi hilo lilikuwa jambo kubwa. Bahari za dunia kabla ya hewa kupata oksijeni, zaidi ya miaka bilioni mbili iliyopita, zilijaa chuma kama Kabuno, na inadhaniwa kwamba viumbe wa namna hii ndio waliotandaza miamba ya chuma inayochimbwa leo. Maabara za nchi za mbali huijua Kabuno kwa jina. Sake yenyewe, ambako wanawake huteka maji ya ghuba hiyo, haina hata kibao cha kulieleza jambo hilo.

Wakati sayansi ikisonga polepole, biashara ilikwisha kuanza. Mwaka 1963 kampuni ya Kibelgiji, Union Chimique Belge, ilitumbukiza bomba Rubona, karibu na Gisenyi. Gesi ilipopanda bombani ilijisukuma yenyewe kwa nguvu ya mapovu yake, ikapelekwa kupasha moto mitungi ya kiwanda cha bia cha Bralirwa. Mtambo huo mdogo ulifanya kazi miaka arobaini hivi. Mwaka 1975 Zaire na Rwanda zilitia saini mapatano ya kuitumia gesi pamoja. Upande wa Rwanda mitambo iliendelea: KivuWatt ya megawati 26 ilianza kutoa umeme mwishoni mwa 2015. Upande wa Kongo karatasi ziliongezeka kuliko mabomba. Julai 2022 Kinshasa ilitangaza mnada wa maeneo 27 ya mafuta na matatu ya gesi ya Kivu, yaliyopewa majina Makelele, Idjwi na Lwandjofu. Januari 2023 washindi wa gesi walitajwa. Oktoba 2024 mnada wa mafuta ulifutwa.

Katika mitambo ya gesi ndipo swali la walaji linapokuwa la vitendo. Maji huvutwa kutoka mita 350 hivi, hutolewa gesi, kisha hurudishwa ziwani. Yarudishwe kina gani? Yakimwagwa juu sana, yataleta fosforasi, amonia na salfaidi katika tabaka wanamoishi sambaza, samaki wadogo walioletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950 na ambao leo ni kitoweo cha Goma na Bukavu. Mwani utazidi, utaoza, utamaliza oksijeni, na mpaka wa walaji utapanda au kuvurugika. Ndiyo maana kanuni zilizoandikwa na wataalamu mwaka 2009 zinasisitiza kuyalinda matabaka na eneo la viumbe la juu, na KivuWatt hurudisha maji yake kwenye mita 240 hivi. Kabuno, yenye mpaka wake mita kumi na moja tu chini ya mtumbwi, haina nafasi ya kukosea.

Milima ya Masisi ikipandwa na kushukwa upande wa pili, barabara huingia Walikale, wilaya ya msitu yenye kilomita za mraba zaidi ya 23,000, karibu mara tano ya Masisi. Huko hakuna ziwa la gesi wala kisima cha mafuta. Haidrokaboni huingia Walikale kwa njia nyingine: ndani ya madumu.

Historia ya madini ya Walikale ni historia ya mafuta yaliyobebwa. Kasiteriti, mawe yatoayo bati, ilichimbwa na makampuni ya kikoloni, kisha na kampuni ya SOMINKI iliyoundwa 1976 na kuanguka miaka ya 1990. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilipogunduliwa huko Bisie, watu waliingia msituni kwa miguu, na ndege ndogo zikawa zinatua kwenye kipande cha lami huko Kilambo kuchukua magunia. Ndege, jenereta, pampu za kutoa maji mashimoni, pikipiki zinazopita pasipopitika: vyote hunywa esanse na mazutu. Tangu 2019 mgodi wa kisasa wa kampuni ya Alphamin unafanya kazi Bisie, mbali na gridi yoyote ya umeme. Kwenye njia zote hizo wauza mafuta wa rejareja, wale ambao Kongo nzima inawaita kadafi, humimina kwa chupa na faneli kando ya barabara, na udongo ulio chini ya meza zao huwa mweusi. Fundi wa pikipiki naye humwaga oili chafu papo hapo anapofanyia kazi, na mvua huichukua hadi mitaroni, kisha mitoni, hadi Mto Lowa unaoelekea Lualaba.

Je, udongo huo unaweza kujisafisha? Kwa kiasi, ndiyo. Bakteria wenye uwezo wa kula mafuta wako karibu kila mahali duniani, wachache wakisubiri. Mafuta yakimwagika huongezeka. Joto na unyevu wa Walikale huwafaa. Wanachokosa ni vitu viwili. Kwanza hewa: udongo wa mfinyanzi uliolowa hauipitishi, na bila oksijeni kazi hupungua sana. Pili naitrojeni na fosforasi: mafuta ni kaboni na haidrojeni tu, na hakuna kiumbe anayejenga mwili kwa hizo peke yake. Ndiyo maana mbinu ya kawaida ya kusafisha ni kulima udongo uliochafuka, kuugeuza mara kwa mara na kuutia mbolea. Masisi, nchi ya ng'ombe, haikosi samadi.

Meli Exxon Valdez ilipopasuka Alaska mwaka 1989, fukwe zilinyunyiziwa mbolea ili bakteria wenyeji wafanye kazi haraka, na ilisaidia mahali ambapo mafuta hayakuwa mazito mno. Mwaka 1980 Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa imempa Ananda Chakrabarty haki ya kumiliki bakteria aliyemtengeneza kwa ajili ya kula mafuta. Ushindi huo ulibadili sheria, lakini fukwe zilisafishwa na wenyeji wasio na hati. Kisima cha Ghuba ya Meksiko kilipolipuka Aprili 2010, methani ilivuja pamoja na mafuta, na watafiti waliona walaji wa vyote viwili wakiongezeka vilindini, ingawa walibishana vikali kuhusu kasi na kiasi walichokula.

Onyo kali zaidi limetoka Afrika. Mwaka 2011 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, lilitoa ripoti juu ya Ogoni, Nigeria, ambako kulima udongo wa juu na kuwaachia bakteria kulikuwa ndiyo njia kuu ya usafishaji. Wapimaji walikuta mafuta yamezama mita tano na zaidi, mahali ambapo jembe halifiki na hewa haifiki, na visima vya maji ya kunywa vikiwa na benzini. Mahali palipoandikwa kuwa pamesafishwa palikuwa bado pachafu. Bakteria hawakushindwa kazi. Walipewa kazi katika mazingira ambayo hawawezi kuifanya, kisha wakatumiwa kama kisingizio.

Kwa hiyo ghuba ya Sake na barabara ya Bisie zinafuata kanuni moja. Mlaji wa haidrokaboni anahitaji mpaka ulio salama, hewa ya kutosha, na chakula kinachomfikia polepole. Mpaka ukivurugwa, au mzigo ukimzidi, uchafu hubaki au hupanda.

Kinachokosekana Masisi na Walikale ni wa kuyapima hayo papo hapo. Chombo cha kuonyesha oksijeni hubebwa kwa mkono mmoja, lakini barabara hufungwa. Vita vya ardhi vilivyoanza Machi 1993 katika soko la Ntoto, Walikale, vilienea hadi Masisi, na mwaka 1996 hata monasteri ya Mokoto ikawa mahali pa mauaji. Januari 2025 waasi wa M23 waliiteka Masisi-kati, Sake na kisha Goma. Machi waliingia Walikale-kati, na mgodi wa Bisie ukasimamisha kazi kwa majuma kadhaa. Vipimo vya ziwa vinahitaji kurudiwa mahali palepale kwa miaka mingi, na miaka ya namna hiyo haijapatikana.

Hata hivyo watu na taasisi wapo. Kituo cha volkano cha Goma kina wapimaji wanaolijua ziwa. Maabara ya Lwiro, iliyojengwa enzi ya wakoloni, bado inafanya kazi. Vyuo vya Bukavu na Goma vimetoa watafiti ambao majina yao yako kwenye makala za kimataifa kuhusu Kivu. Kampuni yoyote itakayopewa gesi ya Kivu ilazimishwe, kabla ya kushusha bomba la kwanza, kuwalipa wapimaji hao watengeneze rekodi ya mpaka wa oksijeni wa Kabuno kwa majira yote ya mwaka, na matokeo yasomwe kwa Kiswahili katika redio za Goma na katika soko la Sake. Na wilaya ya Walikale inaweza kuanza kesho na jambo la bei ndogo zaidi: kila karakana ya pikipiki na kila meza ya kadafi iwe na pipa la oili chafu, na iwe mbali na kijito.